Kuvumilia Si Kupona: Maumivu, Mazoezi na Wajibu wa Kiswahili Kitale na Bungoma

Wahenga walinena kuwa mvumilivu hula mbivu, na hapana shaka walinena kweli. Hata hivyo, wahenga hao hao walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kati ya methali hizi mbili ndipo unapoishi mwili wa mkulima, wa mpakiaji wa magunia na wa mwendeshaji wa bodaboda katika miji ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Methali ya kwanza humfunza kunyamaza anapoumwa. Ya pili humhimiza aseme. Aghalabu yeye huifuata ya kwanza kwa miaka mingi hadi siku mgongo unapomlaza chini, na hapo hushika shauri jingine ambalo halimo katika methali yoyote: hulala kitandani, humeza vidonge na kungoja.

Makala haya yanashikilia kuwa njia zote mbili, ile ya kuvumilia kimya na ile ya kulala kwa hofu, zinaudhuru mwili. Ipo njia ya tatu, nayo ni mazoezi ya nguvu yanayoongezwa kwa kipimo. Makala yanashikilia pia kwamba njia hiyo haitapitwa na watu wengi hadi wasomi wa Kiswahili watakapoitengenezea maneno yanayoeleweka sokoni, shambani na kwenye benchi la kungojea daktari.

Mwili wa kazi na mwili wa mazoezi

Kitale ni mji wa mahindi. Umekaa kwenye nyanda za juu kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, na kaunti yake ya Trans Nzoia imezoeleka kuitwa ghala la chakula la nchi. Gunia la mahindi nchini Kenya huhesabiwa kuwa la kilo 90. Msimu wa mavuno unapowadia, gunia hilo hupanda lori likiwa begani mwa mtu mmoja, na mtu huyo hulipwa kwa idadi ya magunia, wala si kwa saa alizofanya kazi. Itakumbukwa kuwa mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba uzito unaobebwa na mwanamume mmoja bila mashine usizidi kilo 55. Tofauti kati ya pendekezo hilo na gunia la Kitale ni kilo 35, yaani ni kama kwamba mpakiaji amebeba mzigo wake halali, kisha juu yake akaketishwa mtoto wa shule.

Bungoma nako kuna kisa tofauti. Mji huu uko kando ya reli na barabara kuu iendayo Malaba, kwenye mpaka wa Uganda, na ni katika ukanda huo wa Busia na Malaba ndipo neno bodaboda lilipozaliwa, wakati vijana walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo mpakani kwa baiskeli. Kwa miaka mingi mwendeshaji wa bodaboda alikuwa mtu wa miguu yenye nguvu, kwa kuwa kila senti aliyoipata ilipitia kwenye pedali. Serikali ilipolegeza ushuru wa pikipiki ndogo mnamo mwaka 2008, pikipiki zilienea kwa kasi. Hakuna atakayelilia jasho la zamani, kwani pikipiki imelisha familia nyingi. Lakini ni kweli pia kwamba miguu iliyokuwa ikisukuma pedali sasa imetulia, na mgongo uliokuwa ukijinyoosha kila mlima unapoisha sasa hukaa umepinda kutwa nzima juu ya barabara ya mawe.

Ajabu ni kwamba watu hawa wawili, mmoja aliyelemewa na kazi na mwingine aliyekalishwa na kazi, huumwa mahali pamoja. Wote hushika kiuno wanapoinuka asubuhi. Mmoja ana mzigo uliozidi uwezo wa mwili wake. Mwingine ana uwezo ulioshuka hata mzigo mdogo ukawa mkubwa. Kwa maneno mengine, maumivu mengi ya viungo huzuka pale kipimo cha mzigo kinapoachana na kipimo cha mwili.

Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye jembe hahitaji mazoezi, na kwamba kunyanyua vyuma ni anasa ya watu wa Nairobi. Hoja hii ina mashiko kwa mbali tu. Mtafiti Andreas Holtermann wa Denmark na wenzake wameonyesha kuwa kujishughulisha kimwili wakati wa mapumziko huambatana na afya bora ya moyo, ilhali kazi nzito ya kutwa mara nyingi haileti faida hiyo, na huenda hata ikaambatana na madhara. Sababu si ngumu kueleweka. Mazoezi huchaguliwa, hupimwa, huhusisha viungo mbalimbali na hufuatwa na mapumziko. Na ni katika mapumziko ndipo msuli unapojijenga. Kazi ya gunia haichagui wala haipimi. Hurudia mkao ule ule, kwenye viungo vile vile, na humfuata mtu kesho yake kabla mwili haujamaliza kujitengeneza. Kwa hiyo mpakiaji wa Kitale anayeambiwa kuwa kazi yake ni mazoezi tosha anadanganywa, hata kama anayemwambia hana nia mbaya.

Ustahimilivu una mipaka yake

Haiwezekani kuzungumzia maumivu katika Bungoma bila kutaja jando la Wabukusu. Kila mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawika kwa mbili, mvulana hupakwa tope la mtoni asubuhi na mapema, husindikizwa kwa nyimbo, kisha husimama wima mbele ya ngariba bila kutikisika wala kupepesa macho. Anayetetemeka huiletea familia yake fedheha. Ni somo la ujasiri ambalo mtu hulibeba maisha yake yote, na hapana budi kuliheshimu.

Tatizo ni kwamba somo hilo limekatwa nusu. Wanaolikumbuka hukumbuka kisu na kusimama, wakasahau yaliyotangulia na yaliyofuata. Kabla ya siku hiyo, mvulana huzunguka akicheza njuga na kuwaalika jamaa zake wa mbali na karibu. Miguu yake hukimbia na mikono yake hupiga njuga kwa siku kadhaa. Baada ya kisu, mila haimrudishi shambani kesho yake. Humtenga apone, humpa mlezi, humlisha, na humtoa kwa sherehe pale ambapo kidonda kimefunga na yeye amefundwa. Maandalizi, tendo, uponyaji, kurejea: hizo ndizo hatua nne za jando, na kusimama mbele ya kisu ni hatua moja tu kati yake. Kumwambia mwanamume wa miaka arubaini avumilie mgongo unaomuuma kwa miezi sita eti kwa kuwa aliwahi kuvumilia kisu ni kuidhulumu mila yenyewe. Maumivu ya jandoni yana siku yake na yana mwisho wake. Maumivu ya gunia hayana.

Vivyo hivyo kwa wanariadha ambao eneo hili hujivunia. Ben Jipcho, mwana wa Mlima Elgon upande wa Bungoma aliyefariki mwaka 2020, alitwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch mwaka 1974, moja katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji na nyingine katika mita 5,000, kisha akaongeza shaba ya mita 1,500. Mwanafunzi anayesimuliwa ushindi kama huo huambiwa kwamba siri ni kujitesa. Mtu aliyewahi kukaa na wakimbiaji wa nyanda za juu anajua kuwa siku ya mbio kali hufuatwa na siku ya mbio za taratibu, na kwamba usingizi wa mchana ni sehemu ya mazoezi. Hata bingwa hapandi mlima kila siku.

Kitanda nacho si tabibu

Iwapo uvumilivu wa kimya si tiba, je, kulala ni tiba? Kwa muda mrefu madaktari wenyewe walidhani hivyo, na mgonjwa wa mgongo aliagizwa kulala. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walichapisha matokeo yaliyobadilisha mawazo ya wengi. Waliwachukua wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliopatwa na maumivu makali ya kiuno, wakawagawa katika makundi matatu: kundi moja lilale siku mbili, la pili lifanye mazoezi maalumu ya mgongo, la tatu liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yatakavyoruhusu. Waliopona upesi zaidi ni wale wa kundi la tatu. Waliolala ndio waliochelewa kupona kuliko wote.

Matokeo hayo yana funzo la pande mbili. Upande mmoja, kitanda kinachelewesha. Upande wa pili, hata mazoezi yana wakati wake: siku za mwanzo, maumivu yangali moto, mtu hahitaji kunyanyua chochote cha ajabu, anahitaji kutembea, kuinuka, kugeuka na kuepuka hofu. Mazoezi ya kujenga nguvu huja baadaye, na hasa huwafaa wale ambao maumivu yao yamepitiliza miezi mitatu. Kuhusu kundi hilo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya kiuno mnamo Desemba 2023. Mwongozo huo unapendekeza mafunzo kwa mgonjwa na mpango wa mazoezi miongoni mwa tiba zinazofaa, na unashauri dhidi ya mishipi ya kukaza kiuno na dhidi ya dawa za jamii ya afyuni. Haukuandikwa kwa ajili ya watu wachache: mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni waliishi na maumivu ya kiuno, na inakadiriwa kuwa watafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050.

Ukilinganisha mwongozo huo na desturi za mitaani, pengo ni kubwa. Mtu hufika kwenye duka la dawa akasema, "Daktari, nipatie ile ya mgongo," akapewa vidonge, akarudi wiki ijayo kwa vingine. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zina kazi yake, na hakuna haja ya kuzikashifu; lakini zikimezwa kwa miezi bila uangalizi zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Isitoshe, kidonge huzima sauti ya maumivu bila kuongeza uwezo wa mgongo hata kidogo. Mpakiaji humeza, hunyanyua, huumia zaidi, humeza tena. Bandu bandu huisha gogo.

Hapa pana tahadhari ambayo haifai kurukwa. Yapo maumivu ya mgongo ambayo si ya kufanyiwa mazoezi bali ya kupelekwa hospitalini bila kuchelewa: yanayoambatana na ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu kulegea, yanayokuja na homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu, kwani kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, yanayofuata ajali au kuanguka, na yale ya mtu aliyewahi kuugua saratani. Anayefunza watu mazoezi bila kuwafunza dalili hizi amefanya nusu ya kazi.

Gorogoro kwa gorogoro

Neno mazoezi lenyewe lina hekima ambayo wanafunzi wa mofolojia wataitambua mara moja. Linatokana na kitenzi zoea. Zoezi ni kile kinachouzoeza mwili. Kwa hiyo lugha imekwisha kueleza siri ya mazoezi ya nguvu kabla ya maabara kuieleza: mwili huzoea mzigo uliopewa, mradi mzigo huo uje taratibu na kwa kurudiwa. Anayeanza na mzigo mkubwa hakuuzoeza mwili wake, ameushtua. Naye asiyeongeza kamwe ameuzoeza udogo.

Kanuni hii iliingia katika tiba kwa njia rasmi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwakuta hospitalini kule Chicago askari walioumia magoti na ambao hawakuwa wakipona upesi. Yeye mwenyewe alikuwa amejijenga kwa kunyanyua vyuma baada ya ugonjwa wa ujanani. Aliwapa askari uzito wa kunyanyua kwa miguu, akauongeza hatua kwa hatua, na mwaka 1945 akachapisha njia yake. Tangu hapo, mazoezi ya ukinzani unaoongezeka yamekuwa nguzo ya tiba ya viungo.

Wala si ya vijana pekee. Mwaka 1990 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa Boston na Maria Fiatarone na wenzake kwa wazee kumi wa makao ya kulelea wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Kwa wiki nane wazee hao walifanya mazoezi makali ya miguu kwa uzito. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Nyanya wa Kimilili anayeambiwa na wajukuu "keti tu, nyanya, usiguse kitu" anapendwa, lakini anadhoofishwa na upendo huo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Na wazee waongezewe mazoezi ya usawa wa mwili siku tatu au zaidi ili wasianguke.

Je, yanahitaji ukumbi wenye mashine? La hasha. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kila nyumba ina mtungi. Gorogoro moja ya mahindi ni takriban kilo mbili, na hakuna nyumba ya Trans Nzoia au Bungoma isiyoijua. Mtu anaweza kuanza kwa kuketi na kuinuka kitini bila kushika popote, mara nane hadi kumi na mbili, akapumzika, akarudia. Akizoea, akumbatie mfuko wenye gorogoro moja ya mahindi. Baada ya wiki mbili, gorogoro mbili. Vivyo hivyo kwa kuinua mtungi kutoka ardhini kwa nguvu za mapaja na makalio, ukiwa karibu na mwili. Kwa kuusukuma ukuta kwa mikono miwili, kisha meza, kisha sakafu. Na kwa kubeba mtungi mdogo kila mkono na kutembea nao uani. Siku mbili au tatu kwa wiki zatosha, na kati yake kuwe na siku ya kupumzika. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni mwili wenyewe.

Suala la maumivu wakati wa mazoezi ndilo linalowakwamisha wengi. Wataalamu wengi wa tiba ya viungo humwomba mgonjwa ayapime maumivu yake kwa hesabu ya 0 hadi 10. Yakiwa madogo, tuseme 3 au 4, na yakarejea hali ya kawaida kufikia asubuhi inayofuata, mzigo unafaa. Yakipanda sana au yakikaa hadi kesho, mzigo upunguzwe; si lazima uachwe. Kipimo hiki kinawakata kauli wavumilivu na waoga kwa pamoja. Mvumilivu anaambiwa kuwa kuna maumivu ya kusikilizwa. Mwoga anaambiwa kuwa si kila maumivu ni madhara.

Ni lazima ikiriwe, hata hivyo, kuwa hakuna zoezi litakalouzoeza mgongo wa binadamu kubeba kilo 90 mamia ya mara kwa wiki. Nguvu za mtu binafsi si badala ya haki kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka mwisho wa gunia la viazi kuwa kilo 50. Kama kiazi kimepimiwa, mahindi yana ubishi gani? Anayemhimiza mpakiaji afanye mazoezi bila kuuliza swali hili anamtwisha mzigo wa pili.

Neno linaloumiza na neno linaloponya

Sasa tufike kwenye ulingo wa wasomaji wa jarida hili. Msomaji anaweza kuuliza mgongo wa mpakiaji unamhusu nini mwanafunzi wa isimu au wa fasihi. Unamhusu kwa sababu maumivu husafiri kwa maneno. Chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kiliyafafanua mwaka 1979, kikauhakiki ufafanuzi huo mwaka 2020, na kiini chake ni kwamba maumivu ni tajriba ya hisi na ya hisia pia, inayohusiana na madhara ya kweli au yanayoweza kutokea. Kwa kuwa ni tajriba, si kipimo cha jeraha. Hofu huyaongeza, maelezo mema huyapunguza.

Basi na yasikilizwe maneno yanayotumika. Mama mwenye umri wa miaka hamsini huambiwa magoti yake "yameisha mafuta" na mifupa "inasagana." Kijana huonyeshwa picha ya uti wa mgongo na kuambiwa pingili zake "zimeharibika." Nani atachuchumaa tena baada ya kusikia hivyo? Ilhali mwaka 2015 Waleed Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti za picha za watu wasioumwa mgongo hata kidogo, wakakuta mabadiliko ya uchakavu katika diski za asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mengi yanayoitwa uharibifu ni mvi za ndani. Hakuna anayelala kitandani kwa sababu ameota mvi.

Tatizo jingine ni la istilahi. Neno mshipa limebebeshwa mizigo mingi kuliko mpakiaji wa Kitale. Ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, ni kano inayoshika msuli kwenye mfupa, na hata ugonjwa wa ngiri huitwa mshipa. Mgonjwa anaposema "mshipa umeshtuka," na tabibu akaitikia kwa "mshipa" mwingine, wameagana bila kuelewana. Neno uchungu nalo hutumiwa na Wakenya wengi mahali pa maumivu, ingawa lina kazi yake ya ladha, ya huzuni na ya uzazi. Na kitenzi uma hakitofautishi kichwa kinachouma na nyoka anayeuma. Si ajabu basi mtu kuyaona maumivu kama mnyama wa kukimbiwa.

Hatusemi, kwa hayo, kwamba Kiswahili ni maskini. Maneno yapo: ateri, vena, neva, kano, msuli, kiungo, pingili, mkakamao, kuteguka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kinachokosekana ni daraja kati ya kamusi na mgonjwa. Istilahi iliyolala kamusini ni sawa na msuli usiotumika, hudhoofika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, na katiba hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hizo mbili zinakutana katika karatasi moja: ile ya maelezo ambayo mgonjwa hukabidhiwa anapotoka kwa daktari, na ambayo mara nyingi, kama ipo, huwa ya Kiingereza.

Kazi iliyopo inaweza kufanywa na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili bila kungoja ufadhili. Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, na wanafunzi wa vyuo vingine hurejea Kitale na Bungoma kila likizo. Mosi, wakusanye maneno ambayo watu hutumia kueleza maumivu, kwa Kiswahili, Kibukusu na Kisabaot, jinsi yanavyotamkwa sokoni Chwele na katika kituo cha mabasi cha Kitale. Pili, wakae na wataalamu wa tiba ya viungo, ambao taaluma yao ilitungiwa sheria nchini mwaka 2014, waamue pamoja neno lipi linaeleza bila kutisha. Tatu, waandike karatasi ya ukurasa mmoja yenye mazoezi manne, kipimo cha maumivu na dalili za hatari, kwa sentensi fupi ambazo mama anaweza kumsomea mumewe jioni. Nne, mambo haya yaingie katika insha, tamthilia na mashairi ya tamasha za shule, ili kijana ajue mapema kwamba ujasiri na kujitunza si maadui.

Yamkini baadhi ya wahadhiri wataona kwamba hiyo si fasihi wala isimu. Iwe hivyo. Lakini lugha inayojua kusifu nguvu za shujaa na haijui kumweleza mpakiaji namna ya kuinuka kesho asubuhi ina kazi ambayo haijamalizika. Likizo ya Agosti inapofika, mwanafunzi atakayerudi nyumbani akamkuta babake ameshika kiuno asimwambie "pole, vumilia," wala asimwambie "lala, mzee." Amsikilize, amuulize zile dalili za hatari, amsindikize hospitalini zikiwapo, na zisipokuwapo, ashike kiti na gorogoro ya mahindi, aseme: "Baba, tuanze na hii moja." Usipoziba ufa, utajenga ukuta.